Kisu kipya cha kukunja: makali ya kiwandani yanafika wapi?

Safari hii tumechagua barua nne kutoka Dodoma na jirani zake. Zote zinauliza jambo linalofanana: kisu kimetoka dukani jana, mbona hakikati kama kilivyotarajiwa?

SWALI: Nilinunua kisu cha kukunja mjini. Siku ya kwanza kilinyoa vinyweleo vya mkono. Siku ya tatu, baada ya kukata vikonyo vya zabibu na kamba za katani, kinateleza tu juu ya kikonyo. Je, nimeuziwa chuma kibovu?
Mkulima, Mpunguzi

JIBU: Usikilaumu chuma bado, ndugu yetu. Tazama kwanza zile sekunde chache za mwisho kiwandani. Kabla kisu hakijatiwa kwenye boksi, fundi au mashine hukipitisha juu ya mkanda wa msasa unaozunguka kwa kasi, upande huu kisha upande ule, halafu kwenye gurudumu la kitambaa lenye dawa ya kung'arishia. Mkanda ukila chuma mpaka pande mbili zikutane, mbele ya makali hubaki ukingo mwembamba mno uliojikunja upande mmoja. Tuuite waya. Gurudumu likiung'oa, umepata makali ya kweli. Likiunyoosha tu ukasimama wima, kisu kitanyoa mkono wako vizuri sana, kwa sababu waya huo ni mwembamba kuliko makali yenyewe. Lakini hauna nguvu. Ukigusana na vikonyo vigumu mara chache tu unalala au unakatika, na chini yake unabaki ukingo butu.

Ukague hivi. Toka juani, shika kisu makali yakiangalia juu, ukitazame kwa mbele. Makali yaliyokutana vizuri hayaonekani. Palipolala au palipokatika hung'aa kama uzi mweupe. Kisha pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni mwa kisu kuelekea makali na kutoka nje, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Upande mmoja ukikwaruza na wa pili ukawa laini, waya umelalia kwenye upande unaokwaruza.

Joto nalo lina lawama zake. Mkanda ukienda kasi bila maji, ncha ya makali, ambayo ni nyembamba kuliko karatasi, hupata moto kwa kufumba na kufumbua na chuma chake hulegea. Ndiyo maana visu vingi hutunza makali vizuri zaidi baada ya kunolewa mara mbili au tatu kwa mkono: safu iliyolegea inakuwa imeondoka.

Sababu nyingine ni ya huku kwetu. Udongo wa Dodoma umetokana na miamba kama ile ya vilima vinavyouzunguka mji, na zile chembe zake zinazometa ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Kamba ya katani iliyoburuzwa shambani imejaa chembe hizo. Unapoikata, ni kama unakata msasa. Ikung'ute kwanza, au tenga kisu cha zamani kwa kamba na magunia, na hiki kipya kiwe cha zabibu peke yake.

Kwa hiyo kinoe upya kwa mkono, kisha ndipo ukihukumu. Kikipoteza makali tena ndani ya siku tatu za zabibu tupu, hapo tutakubali kwamba chuma ni laini.

SWALI: Nachuna mbuzi mnadani Msalato. Kisu kipya nilichopewa hakichuni, kinasukuma tu ngozi. Nikipeleke kwa mnoa visu wa baiskeli au nikinoe mwenyewe?
Mchunaji, Msalato

JIBU: Kinoe mwenyewe. Tatizo lako si la waya, ni la pembe ya makali. Viwanda vingi huacha makali manene, hata digrii 25 kila upande, kwa sababu makali manene hayavunjiki kirahisi na mteja hakirudishi kisu dukani. Kwa kuchuna unataka digrii 18 hadi 20 kila upande.

Mahitaji ni kipande cha kioo kinene, msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000 kutoka maduka ya rangi za magari, maji, penseli moja, kalamu ya maka na mkanda wa ngozi wa zamani.

Kwanza paka wino wa maka kwenye mteremko wa makali, yaani sehemu iliyonolewa inayoshuka hadi ncha ya makali, pande zote mbili. Lowesha msasa wa 400 ung'ang'anie kioo. Laza kisu juu yake, kisha inua mgongo. Kisu chenye bapa la upana wa sentimita 2 kikiinuliwa milimita 7 mgongoni, umepata digrii 20. Penseli ya kawaida ina unene wa karibu milimita 7, basi itie chini ya mgongo, macho na mkono vizoee kimo hicho, uitoe, ukibakize kimo. Bapa likiwa jembamba zaidi, kimo nacho kinapungua: kwa sentimita moja na nusu ni milimita 5.

Vuta kisu kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukitanguliza makali utachana msasa. Baada ya mivuto mitano tazama wino. Ukifutika karibu na mgongo tu na kubaki kwenye ncha ya makali, hayo ndiyo mabega manene ya kiwandani, na unatakiwa uyale mpaka wino wa mwisho ufutike. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kwa kisu kinene inaweza kuchukua mivuto mia moja au zaidi upande mmoja. Usihamie upande wa pili mpaka uhisi waya umejitokeza kwa urefu wote, kuanzia karibu na mpini hadi ncha. Ukihama mapema, pande mbili hazijakutana na kisu hakitakata hata ukikisugua hadi jioni.

Waya ukitokea pande zote kwa zamu, nenda namba 1000 kwa mivuto 20 kila upande, kisha 2000 kwa mivuto 10, ukipunguza nguvu ya mkono kila hatua. Malizia kwenye upande wa nyuma wa mkanda wa ngozi, mivuto 15 kila upande, mgongo ukitangulia, bila kuinua kisu zaidi ya kimo chako. Ukiinua zaidi mwishoni unayazungusha makali na kazi yote inapotea.

Kuhusu mnoaji wa baiskeli: wapo wenye mkono mzuri, ila jiwe kavu linalozunguka ni hatari kwa bapa jembamba. Ukienda kwake mwombe achovye kisu majini kila baada ya mpito mmoja. Makali yakigeuka rangi ya kahawia na kisha ya bluu, chuma kimeungua. Sehemu hiyo haitashika makali mpaka bluu yote iliwe.

SWALI: Nikiwa dukani nikijaribuje bila kujikata?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Omba kipande cha gazeti. Kishike wima hewani, kata kuanzia makali ya karibu na mpini hadi kwenye ncha. Palipokwama au kuchana karatasi pana kasoro. Usiridhike na katikati tu, maana mkanda wa kiwandani mara nyingi hauifikii sentimita nusu ya mwanzo karibu na mpini, na ncha huizungusha. Angalia pia kama mteremko wa makali una upana sawa pande zote. Makali yakiwa butu ila yamenyooka, kinunue. Mteremko ukiwa umeenda upande, kiache.

SWALI: Kisu chekundu cha Uswisi ni ghali. Je, kinakuja kikiwa kikali kuliko vingine?
Dereva, Manyoni

JIBU: Victorinox, watengenezaji wa kisu hicho ambao wapo Ibach, Uswisi, tangu 1884, hutoa makali yaliyo sawasawa pande zote na yanayokata karatasi tangu siku ya kwanza. Hicho ndicho unacholipia kwa upande wa makali, pamoja na kukuta ubora uleule katika kila kisu. Makali makali kupindukia usiyatarajie. Chuma chao kina ugumu wa karibu 56 kwa kipimo cha Rockwell, kwa hiyo kinaisha makali mapema kuliko visu vya 60 na kuendelea, lakini kinanoleka kwa dakika chache hata kwa jiwe la bei nafuu, na kikigonga mfupa kinajikunja badala ya kumeguka. Kwa mtu wa barabarani asiye na jiwe la maana tunaona ni biashara nzuri. Hakikisha tu ni halisi: bapa kubwa la kisu halisi lina jina la kiwanda limechorwa chini yake, karibu na mpini.