Kupata mafuta ya mchaichai

Ndugu, umesema ulichemsha mchaichai kwenye sufuria wazi ukabaki na maji yanayonukia tu, mafuta hakuna. Ile harufu iliyojaa jikoni ndo mafuta yenyewe, yameondoka na mvuke! Funika vizuri, mvuke upite kwenye bomba linalopozwa na maji baridi udondokee chupani, mafuta yatajitenga yenyewe juu, ila siku ukifanya karafuu ujue yake huzama chini sababu ni mazito kuliko maji, usije ukayamwaga. Na majani yawe mengi sana, utapata kidogo mno usikate tamaa. Maganda ya limau we kamua tu bila moto. Tafadhali usipake ngozini hivihivi, yanaunguza, changanya matone machache na mafuta ya nazi kwanza.