Zile kurasa nne

Mwanangu,

Waniuliza kama uikate riwaya yako nusu na uweke bibi harusi kwenye jalada, kwa kuwa muuza vitabu kakwambia ndivyo vitokavyo.

Jalada sina neno nalo. Jalada ni kanga, na kanga huvuta kwa rangi kabla jina lake halijasomwa. Hilo la kukata ndilo lililoninyima usingizi.

Utenzi wangu waukumbuka, maboksi yake ndiyo mliyokalia kufanyia hesabu za shule. Mpiga chapa alinieleza kuwa karatasi yake kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16. Mimi nilikuwa na 84. "Ama 80, ama ulipie 96." Pesa yenyewe ilikuwa ya bangili nilizoweka rehani. Usiku ule nikatoa kurasa nne, beti 32, zile za nyanyako akilingojea dau la babu. Nikajiambia hakuna atakayejua.

Nakala 500 ziliisha. Madukani nilizitoa mali kauli, nyingi nikaziuza mwenyewe kwenye maulidi na maharusi. Bangili nikazikomboa, karo ya kakako ikalipwa. Kisha jirani akamsomea nyanyako, maana macho yalishaingia ukungu. Akasikiliza hata mwisho, akauliza, "Na dau?" Jirani alidhani uzee. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Sikujibu, na hakuuliza tena mpaka alipotutoka.

Nimewaambia siku zote: kitabu kisomwe kwa sauti mbele ya mtu unayemwonea haya. Mimi mwenyewe sikufanya.

Lakini lau singekata, singechapa. Na pesa si aibu. Muyaka, yule mshairi wetu wa Mvita, alikuwa mfanyabiashara. Tena mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu, diwani ikachapwa 1940, yapata miaka mia baada ya kufa kwake. Basi haraka yangu ilikuwa ya nini? Ya karo ya Januari, na karo haingoji miaka mia. Kila nikifika hapa hurudi nilikoanzia.

Ulimi waniwasha nikwambie usikate. Sisemi, kitabu ni chako na deni ni lako. Ila hizo kurasa unazotaka kutoa, nisomee kwanza kwa simu, Ijumaa baada ya alasiri. Zangu nne nimezipata jana kwenye kasha la nyanyako. Mende wamekula pembeni, lakini zasomeka. Nami nitakusomea.

Mamako