Ule utelezi juu ya mwani na nyasi bahari: usiusugue kabla hujajua ni nini

Mkuu, umeuliza kama ule utelezi unaoushika juu ya mwani na majani ya nyasi bahari ni uchafu au ni ugonjwa unaanza, na kama uusugue kwa maji ya bomba yenye klorini kabla ya kuviweka kwenye tangi. Waliotangulia kukujibu wamesema sugua tu mpaka uwe msafi kabisa. Mimi kukwangua utelezi huo na kuuangalia kwenye hadubini imekuwa kazi yangu ya maabara kwa muda mrefu, na nasema usisugue. Kuosha kupo, nitafika huko.

Kwanza ujue kuwa utelezi wenyewe una mchanganyiko. Kuna ute unaotolewa na mwani, na kuna utando uliojengwa na bakteria, diatomu (mwani wa seli moja, huonekana kwa hadubini tu), kuvu na vijidudu wengine waliojishikiza pale. Maji ya juu ya bahari huwa na bakteria kama milioni moja kwa mililita. Kwenye ngozi ya mwani, sentimita moja ya mraba inaweza kuwa na mamia tu ya bakteria au ikafika milioni 10, kutegemea aina ya mwani, sehemu unayoipima na msimu. Tena sio bakteria wale wale waliomo majini. Mwani unavujisha sukari na kemikali zake, wengine wanavutwa, wengine wanafukuzwa. Mchana usanisinuru unajaza oksijeni kwenye tabaka jembamba la maji lililogusana na ngozi na kupunguza asidi yake, usiku mambo yanageuka. Anayeishi pale lazima aweze kuvumilia purukushani hiyo kila siku.

Ukitaka kuona bila kifaa chochote, chukua jani moja refu la nyasi bahari (hizi ni mimea kamili, zina mizizi na maua, tofauti na mwani). Jani lake linakua kutokea chini, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu kongwe. Pitisha kidole kuanzia shinani. Chini ni kijani kibichi, laini, karibu hakuna kitu. Ukipanda katikati unakuta ukahawia wa mbali na utelezi, hapo diatomu wameshahamia. Kwenye ncha kidole kinakwaruza ukoko mweupe au wa waridi: ni mwani mwekundu mdogo sana wenye chokaa. Udondoshee siki, utaona vipovu. Ndiyo maana mtu akiniambia "nimepima bakteria wa jani" namuuliza kwanza, sehemu ipi ya jani? Hata mwani mkubwa wa kahawia kama Laminaria uko hivyo, jani linaongezeka kutokea karibu na kikonyo na ncha ndiyo inayobeba umati.

Kwenye hadubini ndiyo utamu. Kipande kidogo cha jani ukikitia rangi ya DAPI, inayoshika DNA, halafu ukakimulika kwa mwanga wa urujuanimno, klorofili inang'aa nyekundu na bakteria wanaonekana kama vitone vya bluu juu yake. Hawajatawanyika sawasawa. Wanajazana kwenye mifereji kati ya seli na seli na pale ngozi ilipochubuka, na sehemu nyingine hukuti kitu. Ukiwapanda hao hao kwenye sahani ya kuoteshea, wengi hawaoti kabisa, kwa hiyo mtu anayehesabu kwa sahani peke yake anaona sehemu ndogo tu ya umati. Na wale wanaosoma DNA nao wawe macho: kloroplasti ya mmea (kile kijisehemu cha seli chenye klorofili) ina asili ya sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, kwa hiyo jeni zake zinaingia kwenye matokeo zikijifanya bakteria. Nimeshaletewa orodha zilizojaa "sianobakteria" ambazo ukizichunguza vizuri ni jani lenyewe.

Sasa kwa nini nakukataza kusugua. Mwani wa kijani wa Ulva, ule mpana mwembamba kama karatasi, ukiuotesha bila bakteria hata mmoja hauwi Ulva unayoijua. Mtafiti Luigi Provasoli aliliona hilo tangu miaka ya 1950. Baadaye kwa Ulva mutabilis ikaonekana unabaki donge la seli zisizo na mpangilio, kuta zao zimetoka vivimbe. Rudisha bakteria wawili tu wanaofaa, mmoja wa Roseovarius na mmoja wa Maribacter, na mwani unakua sawasawa. Wa kwanza anachochea seli kugawanyika, wa pili anasaidia kuta za seli na vile vishikizo vya chini. Kemikali moja inayofanya kazi ya aina hiyo, thalusini, ilitangazwa mwaka 2005 ikiwa imetoka kwa bakteria wa mwani mwingine wa kijani, na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Hata mbegu za Ulva zinazoogelea zinachagua pa kutua kwa kufuata kemikali ambazo bakteria wanapashana habari kwazo. Hilo lilichapishwa mwaka 2002. Kwa hiyo ukiua bakteria wote, umeuondolea mwani sehemu ya mwili wake.

Usije ukadhani nasema wote ni wema. Mwani wenyewe hauwaamini. Ascophyllum, mwani wa kahawia, hubambua ngozi yake ya juu na kuondoka na wapangaji wote. Delisea pulchra, mwani mwekundu wa Australia, unatoa kemikali ziitwazo furanoni zinazovuruga mawasiliano ya bakteria ili wasijenge utando mnene. Maji yakipata joto, furanoni zinapungua, bakteria ambao siku zote walikuwepo au walikuwa karibu wanaingia na mwani unapauka. Mwani wa Kappaphycus unaolimwa nao ni hivyo hivyo: ukisumbuliwa na joto, chumvi kupungua au mwanga hafifu, matawi yanageuka meupe na kukatika, na bakteria kwenye matawi hayo wamekutwa mara 10 hadi 100 zaidi ya kwenye matawi mazima. Mimi kwa hali kama hiyo naanza kulaumu maji kabla ya kumlaumu bakteria.

Kwa nyasi bahari mfano mkubwa ni wa miaka ya 1930, nyasi bahari aina ya Zostera marina ilipokufa pande zote mbili za Atlantiki ya kaskazini na sehemu kubwa mno ya nyanda zake ikatoweka. Aliyehusishwa ni kijidudu Labyrinthula, ambaye si bakteria wala kuvu halisi. Kulikuwa na konokono mdogo wa baharini, Lottia alveus, aliyeishi kwenye majani hayo tu. Hayupo tena duniani. Na Labyrinthula huyo huyo anapatikana hata leo kwenye majani yanayoonekana mazima.

Haya, tangi lako. Suuza kwa maji ya bahari yaliyochujwa, ukitikisa taratibu, mchanga na vidudu vya kutembea vitoke. Maji baridi yasiyo na chumvi yanapasua seli za wengi waliopo pale, na za mmea pia ukizidisha muda. Klorini iache kabisa, na dawa za kuua bakteria ziache maabara, kule tunazitumia tukitaka kujua nini kinaharibika wakiondoka. Weka mwani mpya kwenye chombo chake peke yake kwanza, chenye mwanga na maji yanayotembea, uuangalie.

Utelezi mwepesi usio na harufu hauna shida. Ukiona sehemu inapauka, inalegea na kunyofoka ukiigusa, au maji yananuka yai viza, kata sehemu hiyo mpaka ufikie nyama ngumu na utupe ulichokata. Kwenye nyasi bahari tafuta mabaka ya kahawia iliyoiva hadi nyeusi yanayotambaa jani zima. Jani la hivyo usilichanganye na mengine. Ule ukoko wa chokaa kwenye ncha za zamani ni uzee tu, ukikukera kata ncha.

Na kama mkono wako una kidonda, vaa glavu. Wengi wa wakazi hao hawana habari na wewe, ila kundi la Vibrio linapenda nyuso hizi, na baadhi yao huingia kwenye kidonda hasa maji ya bahari yakiwa na joto. Ukipata picha ya hayo majani yako iweke hapa, ila piga shina na ncha vyote vionekane.