Je, Mungu Ananisikia Nikilia? Majibu kwa Barua Zenu

SWALI: Bwana asifiwe, wapendwa. Mume wangu aliugua figo. Kanisa lilifunga siku 21 kwa ajili yake, lakini alifariki. Tulipotoka kumzika, dada mmoja wa ushirika aliniambia huenda imani yangu ilipungua mahali. Tangu hapo nikipiga magoti sina neno. Kinachonijia mdomoni ni lawama tu, nami naogopa kumkosea Mungu. Je, bado ananisikia?
Mama wa watoto wawili, Umoja

JIBU: Pole sana, mama. Tuanze na hilo la imani kupungua, maana ndilo linalokuumiza bure. Kule Gethsemane Bwana Yesu aliomba mara tatu, kwa maneno yale yale, kikombe cha mateso kimwepuke (Mathayo 26:39–44). Hakikumwepuka. Hata hivyo Waebrania 5:7 inasema kwamba aliomba kwa kulia sana na machozi, na kwamba alisikilizwa. Zisome sehemu hizo mbili pamoja. Alisikilizwa, na bado akaenda msalabani. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake wa mwilini uondolewe, akajibiwa kwamba neema inamtosha, na mwiba ukabaki (2 Wakorintho 12:8–9). Hakuna anayethubutu kusema imani ya hao ilikuwa haba. Basi na wewe usikubali kubebeshwa mzigo huo.

Kuhusu lawama: zipeleke kwa Mungu mwenyewe. Anayemlalamikia Mungu bado anaamini kuna anayemsikiliza. Zaburi zimejaa malalamiko ya namna hiyo, na tunakushauri uanze na Zaburi ya 13 kwa sababu ni fupi, aya sita tu, na imepangwa vizuri kwa mtu aliyeishiwa maneno. Aya ya 1 na ya 2 ni malalamiko matupu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hilo "hata lini" limerudiwa mara nne. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Aya ya 5 na ya 6 ndizo za tumaini.

Fanya hivi. Watoto wakishalala, keti, si lazima upige magoti. Soma aya mbili za kwanza kwa sauti, hata kama ni ya chini, kisha sema ya kwako kwa lugha unayoilia, iwe Kikamba, Kiluhya au Kiswahili cha mtaani. Taja vitu kwa majina yake: bili ya hospitali, kodi ya nyumba, upande wa kitanda ulio mtupu. Ukimaliza, soma aya ya 3 na ya 4, uombe jambo moja tu la kesho, kwa mfano usingizi, au nguvu ya kwenda kazini. Dakika kumi zinatosha.

Wengi hukwama kwa sababu hurukia aya ya 5. Tumezoea ibada ambamo kila ombi lazima lifungwe kwa shangwe na "nimepokea", basi mwenye msiba hujilazimisha kusema ushindi ambao hauko moyoni, na baada ya wiki chache huona maombi yote ni maigizo, akayaacha. Ukifika aya ya 4 na huwezi kuendelea, ishia hapo. Zaburi ya 88 ina aya 18 na inaishia gizani, wala hakuna aliyeiondoa katika Biblia. Siku ambayo hata kusoma kumekushinda, keti tu kimya. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Hana, mama wa nabii Samweli, naye aliomba midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akadhani amelewa (1 Samweli 1:12–14). Mungu hakukosea kama Eli.

Jambo moja zaidi, na tafadhali usilipuuze. Eliya alipomwomba Mungu amwondolee uhai wake, hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale, akaamshwa ale tena (1 Wafalme 19:4–8). Ikiwa hulali wala kula kwa wiki nzima, nenda hospitalini. Ikiwa unatamani kufa, usilale peke yako usiku wa leo: mwite ndugu au jirani akae nawe, na asubuhi akupeleke kwa daktari. Dawa na ushauri si upungufu wa imani.

SWALI: Ushirika wetu huku Kayole unawatembelea waliofiwa, lakini tukifika hatujui la kusema. Tufanyeje?
Katibu wa ushirika

JIBU: Semeni machache. Marafiki wa Ayubu waliketi naye siku saba bila neno, na hapo walifanya vyema, waliharibu walipoanza kueleza sababu za msiba wake, hata Mungu akawakasirikia (Ayubu 2:13, 42:7). Nusu saa inatosha. Mtu mmoja aombe, kwa ufupi, akimtaja marehemu kwa jina. Msiseme "Mungu alimpenda zaidi", wala "usilie". Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua atamfufua.

Tatizo kubwa huja baadaye. Kabla ya mazishi kuna kamati, mchango na watu kila jioni. Baada ya mazishi kundi la WhatsApp hunyamaza na mjane hubaki na karatasi. Pangeni zamu: wawili wiki ya pili, wawili mwezi wa kwanza, wawili mwezi wa tatu. Wabebe unga na mafuta, kisha wamsindikize kutafuta cheti cha kifo na barua ya chifu, kwa sababu bila hivyo hawezi kuanza kesi ya mirathi. Foleni hizo ni ngumu kwa mtu anayelia.

SWALI: Nilifiwa na mtoto. Mhubiri mmoja amenitumia namba ya M-Pesa, anasema nipande mbegu ya shilingi 5,000 ndipo Mungu asikie kilio changu. Nitume?
Msomaji, Dandora

JIBU: Usitume hata shilingi moja. Pole kwa mtoto, na pole kwa kuongezewa jeraha hili. Petro alimwambia Simoni aliyetaka kununua karama ya Mungu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyezifuata kwa siri akapata ukoma (2 Wafalme 5). Izuie namba hiyo, na mwonyeshe mzee wa kanisa lako ujumbe huo, maana huenda wafiwa wengine wa mtaa wenu wametumiwa.