Nikirudi kazini mtoto ananipita anaenda kwa nyanya yake

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi niko Langoni hapa Lamu, mwanangu ana miezi 11. Nilirudi kazini akiwa na miezi 5, napika kwa nyumba moja ya wageni kule Shela, kwa hivyo asubuhi napanda boti na mtoto anabaki na mamangu na mdogo wangu. Jioni nikirudi hata buibui sijavua, nanyoosha mikono aje, yeye ananiangalia tu kisha anajificha kwa nyanya yake. Juzi nimeona vidio kwa simu, mama mmoja anasema mtoto asiyemkimbilia mamake akirudi hajabondi naye na akikua atapata shida. Tangu siku hiyo silali, na wifi yangu ndo kamaliza kabisa, eti "huyo ni mtoto wa mamako". Niache kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi usiache, na wifi tumweke kando kwanza, tutarudi kwake.

Hiyo vidio imechukua nusu ya maneno. Daktari mmoja Muingereza, John Bowlby, alisema mtoto mchanga anahitaji mtu wa kushikamana naye kama anavyohitaji maziwa, halafu Mary Ainsworth akatengeneza jaribio huko Baltimore, Marekani: mama na mtoto wa kama mwaka 1 wanaingizwa chumba wasichokijua, anaingia mtu mgeni, mama anatoka, anarudi, yote kama dakika 20, na kinachoangaliwa sana ni mtoto anafanyaje mama akirudi. Kuna anayemwendea akatulia, kuna anayempita kama hajamwona, na kuna anayemng'ang'ania huku anarusha mateke. Wewe umeona wako anakupita ukajihukumu hapo hapo.

Lakini huyo Ainsworth hakuanzia Baltimore, alianzia hapa jirani Uganda, miaka ya 1954 na 1955, akizungukia nyumba za Waganda, familia 26, na aliona watoto wengi wameshikamana na mama na pia na baba, nyanya, au ndugu zao. Yaani nyumba kama ya kwenu tu.

Na huku Kenya kwetu kuna utafiti wa Kisii naupenda sana, wa Kermoian na Leiderman, 1986. Mtoto wa Kigusii mtu akirudi hakumbatiwi, anapewa mkono! Basi aliyetulia moyo anautoa mkono wake kwa hamu kupokea, asiyetulia anauvuta nyuma, sasa fikiria angekuja mtu anangoja kuona kukumbatiana kama Marekani, si angewaandika watoto wazima wana kasoro?

Usikimbilie kusema wazungu wako vile na sisi tuko hivi, manake 1988 zilikusanywa pamoja tafiti 32 za jaribio lile la chumba kutoka nchi 8, na ingawa Ujerumani walionekana wengi zaidi wa kupita na Japani na Israeli wengi wa kung'ang'ania (Japani mtoto alikuwa nadra kuachwa peke yake, chumba kile kwake ni kitisho), tofauti za ndani ya nchi moja zilizidi zile za nchi na nchi.

Wako mtazame hivi: akianguka na ni wewe tu uliyeko, ukimbeba ananyamaza? Kama ndiyo, anakujua vizuri. Kama hatulizwi na mtu yeyote, au yeyote akimchukua kwake ni sawa tu, hapo mpeleke kliniki aangaliwe. Jioni usimrukie na mikono, keti mkekani karibu na nyanya yake, vua buibui, kunywa maji, mwache aje mwenyewe.

Nitakuuliza mimi sasa: asubuhi unatokaje? Manake najua mchezo wetu, nyanya anampeleka darini amwonyeshe punda wanaopita, na wewe huku unachomoka. Huo siupendi. Mtoto akigeuka mama hayupo, kesho hata ukisimama kufuata kikombe atashtuka. Muage, mbusu, mpungie mkono, alie kama atalia, nyanya atamtuliza.

Haya, wifi. Siku akija tena na nyanya ametoka, mpe mtoto ambebe, wewe keti pale pembeni kimya, muone nyote atamnyooshea nani mikono.