Kabla ya Kupanua Ukumbi, Pimeni Stoo

Swali la wiki lilikuwa hili: "Kituo chetu cha jamii cha michezo na burudani kimezeeka, paa linavuja na watu wamezidi nafasi. Tukarabati kwanza au tupanue, na mpango wenyewe unaandaliwaje?"

Ramani isubiri kidogo. Kinachotakiwa kwanza ni daftari. Kwa wiki mbili mfululizo, mtu wa mlangoni aandike kila saa: chumba kipi kinatumika, kwa shughuli gani, kina watu wangapi, nani amerudishwa na kwa nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayoamua mambo. Kama ukumbi unafurika kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku na asubuhi nzima uko mtupu, na wanaorudishwa ni kikundi cha mazoezi ya viungo kinachogombea sakafu na wacheza mpira wa kikapu, ukumbi wa pili mkubwa hauhitajiki. Chumba cha mita 12 kwa 8 chenye mlango wake na ukuta mzito wa kuzuia kelele kinatosha, na ni rahisi kukijenga kwa sababu hakidai kimo kirefu.

Kwa maoni yangu, vituo vingi hulilia ukumbi ilhali kinachowabana ni vile vyumba vidogo vinavyouhudumia. Chukueni futi ya kupimia mwingie ukumbini jioni, wakati shughuli zimepamba moto. Pimeni nafasi iliyoliwa na magodoro, viti vilivyopandana, nguzo za wavu na meza za mpira wa meza zilizokunjwa. Ukanda wa mita 2 tu kwenye ukuta wenye urefu wa mita 32 ni mita za mraba 64 za ukumbi zilizogeuka ghala. Isitoshe, hapo ndipo mchezaji anayekimbilia mpira alipaswa kupata pa kusimamia. Stoo yenye ukubwa wa karibu sehemu ya nane ya ukumbi ni kipimo kizuri cha kuanzia. Iwe ndefu na nyembamba, ikiambaa na ukumbi, yenye milango mipana ya mabawa mawili isiyo na kizingiti cha chini. Stoo yenye kina kirefu na mlango mmoja mwembamba ina ugonjwa wake: kinachotafutwa huwa nyuma ya kila kitu kingine, basi baada ya mwezi mmoja watu huacha kurudisha vifaa na ukuta wa ukumbi unajaa tena.

Ikithibitika kwamba ukumbi wenyewe ni mdogo, anzeni na michezo, vipimo vifuate. Kiwanja cha mpira wa kikapu cha kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ni mita 28 kwa 15, na kinataka mita 2 za wazi pande zote, yaani mita 32 kwa 19. Mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, pamoja na mita 3 za wazi kila upande, jumla 24 kwa 15, kwa hiyo unaingia ndani ya eneo la kikapu bila taabu. Badiminton ni mita 13.4 kwa 6.1. Ukiviweka viwanja vinne sambamba ndani ya zile mita 32, mnabaki na takriban mita 1.5 kati ya kimoja na kingine na pembeni. Ukumbi wa 32 kwa 19 umebeba michezo mitatu. Ukiupunguza urefu kwa mita 2 ili kubana bajeti, kikapu kinakosa nafasi yake ya usalama na viwanja vinne vya badiminton vinabanana. Huko ni kubana mahali pasipobanika.

Kimo nacho kina mtego. Kikapu na wavu vinataka angalau mita 7 za wazi, na mita hizo huishia kwenye kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote: taa, feni, bomba, au boriti ya chini ya kenchi. Ramani inayoonyesha dari kwenye mita 7.2 na taa zinazoshuka sentimita 60 imewapa mita 6.6. Taa za badiminton zisikae juu ya kiwanja; zipangwe pembeni, kati ya viwanja, kwa sababu mchezaji hutazama juu kila mara. Kwa sababu hiyohiyo, madirisha makubwa kwenye kuta za miisho ya kiwanja ni kero ya jua kila siku.

Sasa twende kwenye hesabu inayopindua mipango mingi. Ukumbi wa jamii hauishii kwenye michezo. Siku nyingine una mkutano, mahafali au harusi. Kanuni za majengo zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani huhesabu karibu mita za mraba 4.6 kwa mtu anayefanya mazoezi, lakini takriban 0.65 tu kwa mtu aliyeketi kwenye kiti kisichofungwa sakafuni. Za kwenu zinaweza kutofautiana, ila uwiano ndio wa kutazama. Ukumbi wetu wa mita za mraba 608 unahesabiwa watu kama 130 jioni ya mazoezi, na zaidi ya 900 siku ya mkutano, hata kama mtapunguza kidogo kwa ajili ya njia na jukwaa. Milango ya kutokea na vyoo hufuata idadi kubwa. Milango ifunguke kwa nje, ikae pande zinazoachana, na iwe na komeo la kusukuma badala ya kufuli. Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume. Kugawa nusu kwa nusu ndiko kunakozaa foleni ya upande mmoja kila hafla. Kamati isiyotaka kubeba gharama hiyo iandike waziwazi, kabla ya kuchora, idadi ya juu ya watu watakaoruhusiwa.

Jengo la zamani likaguliwe na mhandisi kabla ya msanifu kushika kalamu. Yafuatayo mnaweza kuyaanza wenyewe. Kila ufa wekeeni alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, pamoja na tarehe, kisha mtazame tena baada ya msimu wa mvua. Ufa wa plasta ulio kama uzi ukikaa palepale, ni wa rangi na plasta. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha na kuivuka alama yenu unasimulia habari za msingi, na hapo plasta mpya ni kupaka poda usoni. Tazameni vichwa vya kenchi pale vinapokalia ukuta, kwa maana mbao huoza hapo kwanza, mahali mfereji wa paa unapofurika bila mtu kuona. Mabamba ya zamani ya saruji yenye mawimbi, vigae vya zamani vya sakafu na vitambaa vilivyoviringishwa kwenye mabomba vinaweza kuwa na asbesto. Visitobolewe, visivunjwe wala kusuguliwa kwa brashi ya waya hadi sampuli ipimwe. Kipimo hicho kikifanywa mapema ni kazi ndogo. Kikifanywa baada ya mafundi kuanza kubomoa, kazi yote husimama.

Mahali jengo jipya linapokutana na la zamani ndipo pesa hupotelea. La zamani limeshamaliza kukaa ardhini, jipya bado litatitia. Kwa hiyo yaachanishwe: uwazi wa milimita 20 hadi 25 unaopita kwenye ukuta, sakafu na paa, ujazwe kitu laini kinachobonyea, ufunikwe kwa bamba lililofungwa upande mmoja tu ili upande wa pili uweze kuteleza. Kosa la kawaida ni fundi wa mwisho kuona uwazi ule kama kasoro ya mwenzake na kuupaka plasta, au wa vigae kuuvuka. Msimu mmoja tu, mstari unapasuka kama uliochorwa kwa rula. Uandikwe kwenye kila mchoro, ukiwemo wa rangi. Mtaro wa msingi mpya nao usishuke chini ya msingi wa zamani bila maelekezo ya mhandisi, maana udongo unaoubeba ule wa zamani unaweza kuporomokea shimoni.

Paa jipya limwage maji mbali na la zamani kila inapowezekana. Paa mbili zikiinamiana, mmejitengenezea mfereji wa katikati, na ukiziba kwa majani maji hayana pa kwenda ila ndani. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 600 likipata mvua ya milimita 50 linashusha lita 30,000. Muulizeni mchoraji zinakwenda wapi. Mkiona amenyamaza, mrudishieni mchoro.

Sakafu ya mbao ndiyo inayoharibika kwa haraka ya watu. Zege au sakafu ya saruji hukauka kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku hadi unene wa milimita 50, na zaidi ya hapo mwendo hupungua. Zege la milimita 100 lipeni si chini ya miezi minne. Ratiba ya mkandarasi mara nyingi huandika wiki tatu, kwa sababu baada ya wiki tatu zege ni gumu na linaonekana kavu juu. Unyevu uko tumboni. Mbao zikifungwa juu yake huunyonya, huvimba, na zisipopata pa kutanukia huinuka katikati kama mgongo wa ngamia. Kubandika karatasi ya nailoni kwa siku moja na kutazama jasho ni dalili tu. Kipimo cha kuaminika ni haigrometa, yaani kifaa cha kupimia unyevu wa hewa, iliyofungiwa juu ya zege, na mbao zisubiri hadi isome asilimia 75 au chini yake. Acheni uwazi wa kutanukia kandokando ya kuta zote, ufichwe na ubao wa pembeni uliofungwa ukutani, usigongwe sakafuni. Na sakafu iwe kazi ya mwisho kabisa: paa limekamilika, madirisha yana vioo, rangi imekauka, fundi umeme ameshusha ngazi zake.

Unene wa sakafu hiyo ujulikane kabla jamvi jipya, yaani zege la chini ya sakafu, halijamwagwa. Ukisahaulika, upande mpya unazidi wa zamani kwa sentimita 6, na watu wanajikwaa mlangoni. Mteremko wa kiti cha magurudumu hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12: sentimita 6 zinataka urefu wa sentimita 72, na ngazi ya nje ya sentimita 45 inataka mita 5.4 pamoja na sehemu tambarare juu na chini. Nafasi hiyo haipatikani mwishoni.

Kuhusu mpangilio wa kazi: paa na maji ya mvua kwanza, kisha muundo, stoo, vyoo na chumba kidogo, halafu ndipo ukumbi mkubwa ufungwe. Hivyo kituo kinakuwa na pa kuhamia. Mafundi wawe na lango lao, na kila wiki mtu apite kuhakikisha saruji na mbao hazijaziba mlango wa dharura.

Katika bajeti wekeni akiba mbili: kama asilimia 10 kwa sehemu mpya, na asilimia 15 hadi 20 kwa sehemu ya zamani, maana kilichomo ndani ya ukuta hakijulikani hadi ufunguliwe. Mkadiriaji majenzi aandike vifaa vya michezo, taa na samani kwenye jedwali lake tangu mwanzo. Visipoandikwa, mtafungua ukumbi mzuri usio na magoli. Mkataba ushikilie sehemu ya malipo ya mkandarasi, kwa kawaida asilimia 5, hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Kipindi hicho kipangwe kipite msimu mzima wa mvua. Miezi 6 ya kiangazi haitawaambia chochote kuhusu ule mfereji.