Msimbo umekompaili bila onyo, lakini bodi imepoteza anwani yake ya MAC

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimerithi tawi la U-Boot (programu inayowasha bodi kabla ya mfumo endeshi) la bodi tuliyoiunda kazini, yenye prosesa ya AM335x. Nimeanza kulisafisha: nimeondoa `common.h` kwenye mafaili yetu na kubakiza vichwa (mafaili ya `.h`) vinavyohitajika tu, nimefuta makro za zamani, nimebadilisha majina ya funksheni. Yote yamo kwenye komiti moja. Inakompaili bila kosa wala onyo. Lakini sasa kila bodi ikiwashwa inakuja na anwani mpya ya MAC (kitambulisho chake kwenye mtandao), wakati zamani ilisomwa kutoka EEPROM, chipu ndogo ya kumbukumbu. Msimbo wa EEPROM sijaugusa kabisa. Tatizo liko wapi, na je, nianze upya?

Jibu: Usianze upya, ndugu yangu. Fungua lile faili la EEPROM uangalie kama usomaji wa anwani umezungukwa na `#ifdef` ya makro inayoanza na `CFG_`. Naamini utaikuta.

Makro za `CONFIG_` zinazotoka Kconfig, yaani mfumo wa kuchagua mipangilio ya U-Boot, huingizwa katika kila faili kupitia amri ya kompaila yenyewe, kwa hiyo zipo hata usipoandika `#include` yoyote. Makro za `CFG_` hazina bahati hiyo. Hizo hukaa kwenye kichwa cha bodi ndani ya `include/configs`, na hufika kwenye msimbo kupitia `config.h`. `common.h` ndilo lililokuwa likiileta `config.h` kimyakimya. Ulipoliondoa, makro ikatoweka, na kwa preprosesa (hatua inayochambua `#ifdef` kabla ya kukompaili) jina lisilojulikana ndani ya `#ifdef` si kosa: ni jibu la "hapana". Kipande kizima kikarukwa, funksheni yake na mahali inapoitwa, ndiyo maana hata onyo la funksheni isiyotumika hukulipata.

Hakikisha hivi: ndani ya hiyo `#ifdef`, andika mstari wa `#error`. Kompaila isiposimama hapo, basi kipande hicho hakionekani. Ongeza `#include <config.h>` juu ya faili, ujaribu tena. Ikisimama, umepata dawa. Futa `#error` uendelee.

Huu mgawanyo wa majina si wa kubuni tu. Mradi wa U-Boot ulianza kuhamia Kconfig mwaka 2014, na kazi hiyo ilichukua miaka kwa sababu maelfu ya mipangilio yalikuwa yametawanyika kwenye vichwa vya bodi. Mwishoni mwa 2022 yale yaliyobaki nje ya Kconfig yakapewa kiambishi `CFG_`, ili msomaji ajue mara moja kila kimoja kinatoka wapi. Tawi la zamani linalohamishwa kuja toleo jipya hupitia mitego hii yote kwa mpigo.

Sasa kuhusu ile komiti moja. Hapo ndipo sikubaliani nawe, na nalisema kwa uzito. Kukompaili bila onyo hakuthibitishi kwamba usafi haujabadilisha tabia ya programu. Uthibitisho upo, na ni rahisi: kompaili kabla ya badiliko na baada yake, kisha linganisha mafaili yanayotoka. Weka `SOURCE_DATE_EPOCH=0` ili tarehe isibadilike, na uzime `CONFIG_LOCALVERSION_AUTO`, la sivyo alama ya komiti ya git itaingia kwenye namba ya toleo na kila kitu kitaonekana tofauti. Halafu piga `sha256sum` kwa `u-boot-nodtb.bin` na kwa ile ya SPL, kipande kidogo cha U-Boot kinachopakiwa kwanza. Badiliko la vichwa peke yake kwa kawaida hutoa namba ileile.

Kwa kawaida, nasema, kwa sababu kuna kighairi kimoja kinachowahangaisha watu. Makro kama `BUG()` huchapisha namba ya mstari. Ukifuta mstari mmoja wa `#include`, namba hiyo inasogea na faili linabadilika ingawa tabia ni ileile. Ukikutana na hilo, chukua orodha ya `nm --size-sort` (majina ya funksheni na ukubwa wake) ya kabla na ya baada, uipitishe kwenye `diff`. Funksheni iliyopotea itaonekana hapo hapo. Ungefanya hivyo, ile ya EEPROM ingejionyesha kabla hujaigusa bodi.

Kwa hiyo pasua komiti yako: kuondoa vichwa peke yake, majina mapya peke yake, kufuta makro peke yake. Kila moja ikompaili yenyewe, ili siku `git bisect`, inayotafuta komiti iliyoleta kosa, ikihitajika isikwame katikati. Kama kuna badiliko la tabia, hata dogo, lipewe komiti yake na maelezo yake; usilifiche ndani ya usafi.

Kuna jambo hukuuliza, ila utalifikia. Ukianza kugeuza `#ifdef CONFIG_X` kuwa `if`, usichanganye `IS_ENABLED(CONFIG_X)` na `CONFIG_IS_ENABLED(X)`. Ya pili, ikiwa ndani ya SPL, huuliza `CONFIG_SPL_X`. Kama mpangilio huo haupo kwenye Kconfig, jibu ni sifuri, kimya tena. Nayo SPL ya AM335x ina nafasi finyu: ROM ya prosesa inapakia takriban KB 109 tu kwenye RAM ya ndani. Kwa hiyo ukubwa wake utazame kila komiti. `buildman`, iliyomo ndani ya mradi wenyewe, inakompaili mfululizo mzima wa komiti, na ukiipa `-sS` inaonyesha ni ipi iliyoongeza baiti. Anza nayo kwa bodi yako moja, kisha uongeze nyingine za AM335x kama umegusa mafaili mnayotumia pamoja.